Picha ya Ukuta wa Kibla

Mimi kazi yangu ni harusi. Nianze hapo, maana watu wakisikia mpigapicha hudhani natembea ufukweni nikipiga mawimbi. Wallahi sijapiga wimbi hata moja. Napiga mabibi harusi wa Kismayo, mikono yenye hina, keki, mashangazi wanaogombania kukaa mbele, na nikirudi nyumbani masikio yanavuma kwa ngoma. Wananiita kwa sababu ni mwanamke. Ndani ya harusi ya wanawake mwanamume haingii, sembuse kamera yake.

Kwa hiyo mtu kama mimi kukaa kupanga safari ya kwenda jangwani kupiga picha za mchanga ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Lakini mamangu alitaka, na mamangu alikuwa anapofuka.

Daktari alisema ni presha ya macho. Alituonyesha kwa mikono yake jinsi inavyoziba kutoka pembeni kuja katikati, kama mlango unaorudishwa polepole. Kilichobaki ni ufa, akasema, na ufa huo nao utafungwa. Labda mwaka, labda chini ya mwaka. Akaandika dawa ya matone. Mamangu akamwuliza, "Na wewe unaona vizuri?" Daktari akasema anaona. "Basi mshukuru Mola wako," mamangu akamjibu, akainuka, akagonga kiti, tukatoka.

 Tulipofika nyumbani alivua baibui, akakaa kitako mkekani, akasema, "Nataka nimwone mwanangu kabla hayajafungwa."

Nikamwambia, "Mwanao si huyu hapa mbele yako? Umeshaanza kutoniona?"

"Si wewe. Wa kwanza."

Huyo wa kwanza mimi sikumkuta. Alikuwa mvulana, akafa kwa homa kabla hajajua kutambaa, huko kijijini kwetu, kusini ya Kismayo, si kisiwani bali pwani ya bara, mahali ambapo kati ya bahari na vichaka pana jangwa la mchanga mtupu, vilima kwa vilima. Wakati huo kilikuwa kijiji cha wavuvi kama vile vya visiwa vya Chovai na Koyama, kina msikiti wa mawe na kisima kizuri. Mtoto alizikwa nje ya msikiti, chini ya ukuta wa kibla. Hakuna picha yake. Nani alikuwa na kamera? Muda si muda vita vikafika, watu wakapakiana mashuani mpaka Ras Kamboni, kutoka hapo Kiunga, na mimi nikazaliwa ukimbizini. Miaka ikapita. Tuliporudi tulirudi Kismayo mjini. Kijijini hakurudi mtu. Kisima kilifukiwa, nyumba zikafukiwa, na vilima vya mchanga vikapita juu ya msikiti.

Lakini wafugaji wa ngamia wanaopita huko walikuwa wakileta habari. Wakati wa kusi, wanasema, huoni kitu, ni mchanga na mbingu. Ikiingia kaskazi, ule msimu mkavu wenye asubuhi za baridi ambao Wasomali huuita jilaal, upepo hubadilika, hufagia upande wa pili, na ukuta wa kibla hutokeza tena, wote, mpaka chini. Halafu kusi hurudi na kuufunika. Kwa hiyo picha ya mamangu ilikuwa na msimu wake, na msimu ulikuwa umeshaingia. Ukipita, wa pili ungemkuta kipofu.

Nikaingia kwenye simu nijifunze. Loo! Kumbe kuna watu duniani kazi yao ni hiyo, kwenda jangwani wakati wa baridi na kupiga picha za vilima. Wanapanga safari hizo miezi kabla. Wana makoti, wana chupa za chai, wana kamera za kusimama kwa miguu mitatu, wanakaa juu ya mchanga wanasubiri nuru. Wanasema usubiri mpaka jua likae chini, vivuli virefuke. Mmoja alisema jambo la maana kuliko yote ni kuwa na subira na nuru. Nilimcheka mpaka machozi. Kwetu sisi ukikaa mahali na kamera ukasubiri, ajaye si nuru, ni askari.

Hata hivyo tulipanga. Mamangu alichukua uteo, akamwaga unga wa mahindi, akaanza kujenga kijiji kwa vidole. Hapa bahari. Hapa kisima. Hapa msikiti, akachomeka kijiti cha kiberiti. Alikuwa akiinamisha uso mpaka pua inakaribia unga, aukamate kwa ule ufa wake wa katikati. Tuligombana kama watu wanaogawana mirathi. Mimi nilikuwa nimeshajua mambo ya jua. Nikamwambia msimu huu jua limelala kusini na ukuta wa kibla unatazama kaskazini, nje yake ni kivuli kutwa. Nikisimama hapo picha itakuwa nyeusi. Bora nisimame upande wa pili, nipate mwanga mzuri na vilima nyuma yake.

"Upande wa pili pana nini?" akaniuliza.

"Pana mwanga, mama."

"Mwanangu yuko kivulini," akasema. "Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wamzike kivulini. Mtoto mchanga, jua lote lile? Simama kivulini."

Nikahamisha kidole changu kwenye unga, nikakiweka nyuma ya kijiti, upande wa kaskazini. 

Akaniambia pia nisimame mbali kiasi gani, maana alitaka ukuta wote uingie, na mchanga wa mbele uingie, na mtu asiwemo. Hata kivuli changu kisiwemo. Nilipoinua uteo kurudisha unga kwenye mkebe alinishika mkono, akaniambia nisiuchanganye kwanza, tutazame tena kesho. Tuliutazama siku nyingi. Unga ukaingia wadudu.

Usafiri ndio uliotutoa roho. Teksi hakuna anayekwenda huko. Mwenye gari la kukodi aliniuliza nakwenda kwenye harusi ya nani. Nilipomwambia nakwenda kupiga picha mchanga alimwita mwenzake aje asikie. "Huyu anataka kupiga picha mchanga. Mchanga umeolewa?" Wakaangua kicheko. Nikawaambia ndiyo, umeolewa na ujinga wako, nikaondoka. Maneno hayo yaliniponya kidogo, lakini gari sikupata.

Kwenye ofisi ya kuomba ruhusa aliyekaa mezani aliniuliza mara tatu kwa njia tatu tofauti ni nani aliyenituma. Nikasema mamangu. Akauliza mamangu anamfanyia nani kazi. Astaghfirullahi! Mwanamke ambaye hawezi kutia uzi kwenye sindano. Nilimweleza kaburi, nikamweleza kaskazi, nikamweleza macho. Akasikiliza vizuri, kwa adabu, kisha akasema nije wiki ijayo. Wiki ijayo akasema nije wiki ijayo. Majirani wakaniambia subira huvuta heri. Mimi methali hiyo nimeichukia tangu wakati ule. Subira inavuta heri kwa mwenye muda.

Aliyetusaidia mwisho alikuwa dereva wa lori la maji. Msimu wa jilaal visima vya bara hukauka, na malori hayo hupelekea wafugaji maji ndani kabisa, ng'ambo ya vilima. Mkewe nilikuwa nimempiga picha alipoolewa, akanikumbuka. Akamshikilia mumewe mpaka akakubali: nitapanda nao, mkewe akiwa kati yetu ili watu wasipate la kusema, na lori litasimama vilimani muda wa kutosha kupiga picha zangu. Sharti moja, mama habebeki. Kiti cha lori kiko juu, njia ni mashimo matupu, na magurudumu yakipasuka mtu hulala huko huko. Dereva alikuja mwenyewe kumwambia. Alimwita habaryar, kama Wasomali wanavyomwita mama mdogo, akasema naye kwa upole, na mamangu akamjibu kwa upole kwa Kisomali kwamba ameelewa, Mungu ambariki. Alipotoka, mamangu alijifunika leso uso mzima, akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi ya baba.

Tukakubaliana siku. Njia ikafungwa. Tukapanga nyingine, lori likapasuka magurudumu mawili kwa mpigo. Tukapanga tena, mkewe akaugua. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na kwangu mimi iliteleza wiki kwa wiki. Dereva mwenyewe alinitazama kwa huruma akasema kitu ambacho mamangu alikigeuza kwa Kiswahili hapo hapo: la kuvunda halina ubani. Huku nyuma kaskazi ilikuwa inalegea. Asubuhi hazikuwa na baridi tena. Mamangu alianza kukosa kikombe akikishika, anashika hewa pembeni yake, na akigundua nimemwona anajifanya alikuwa anafukuza nzi.

Nilikata tamaa, nasema ukweli. Nilikuwa nalala nikijua haitawezekana na naamka nikijua haitawezekana, na katikati ya mchana namwambia mama inshaallah wiki hii.

Halafu siku moja, baada ya sala ya alfajiri, lori likapiga honi nje. Safari ya mwisho, dereva akasema. Mawingu yameshaonekana bara, mvua ikinyesha wafugaji hawanunui maji tena. Na siku hiyo hiyo alasiri nilikuwa na harusi. Harusi kubwa, ya watu wanaohesabiwa mjini. Mamangu alinisukuma mlangoni. "Nenda! Harusini nitakutangulia mimi. Nitawaambia uko njiani."

Tulifika kabla jua halijapanda sana. Kwenye kizuizi askari alikuwa amefungua mkoba wangu, akaitazama kamera, akauliza napiga nini, nikasema mchanga, akauliza mchanga umefanya nini. Mke wa dereva akamkemea kwa Kisomali, kitu kuhusu mamake, na tukaachiwa. Lori lilisimama chini ya kilima, nikapanda peke yangu kwa mikono na miguu, mchanga unanirudisha chini kila nikipanda. Nilipofika juu nikauona.

Ulikuwa vilevile alivyoujenga ndani ya uteo. Ukuta mmoja wa mawe, na ule mbenuko wa mihrabu katikati, umesimama peke yake chini, mchanga umefagiwa mpaka kwenye msingi. Nyumba hakuna, kisima hakuna. Nikashuka nikaenda kusimama pale aliponiambia. Kivuli kilikuwepo, lakini hakikuwa cheusi nilivyohofia, kwa sababu kilima cha mkabala kilikuwa kinapigwa na jua, na kile kilima kikarudisha nuru yake ukutani, nuru laini ya rangi ya samli. Kulikuwa na kombe jeupe la baharini, kubwa, limekaa chini ya ukuta. Mamangu aliwahi kuniambia aliweka kombe juu ya kaburi, upande wa kichwa cha mtoto. Sikutarajia hata kidogo kulikuta. Nilimsomea kaka yangu Fatiha, nikamwambia mama hakuweza kuja. Kisha nikapiga. Nilipiga ukuta wote, nikapiga mchanga wa mbele, nikapiga kombe kwa karibu, nikaangalia kivuli changu kisiingie. Nilikuwa nalia na kupiga. Sijawahi kupiga picha nzuri kama zile.

Kurudi tulichelewa. Kizuizi kilekile, askari mwingine, maswali yaleyale. Nilishukia moja kwa moja mlangoni pa harusi, mchanga umenijaa nyusini. Mamangu alikuwa amekaa kizingitini kunisubiri. Nilimshika mkono nikaubana. Akauliza, "Kaburi limo?" Nikamwambia, "Limo, na kombe limo." Alifunga macho. Alitaka kuona hapo hapo, lakini kioo cha kamera kina ukubwa wa jani la tambuu, asingeona kitu. Tulishakubaliana kesho asubuhi, umeme ukirudi, nitaunganisha kamera na tivi kubwa ya jirani. Ndani walikuwa wanaita, bibi harusi tayari. Nikatoa kadi ya kamera yenye picha za jangwani, nikamtilia mkononi, nikaingiza kadi nyingine ya harusi. Yeye akaifunga kadi ile kwenye pindo la leso yake, fundo juu ya fundo.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa mtu asiyezijua harusi zetu. Zamani kidogo picha ya mwanamke aliyekuwa kichwa wazi harusini ilizunguka kwenye simu za wanaume, ikavunja nyumba. Tangu hapo wanawake wa mjini wakajiwekea ada yao. Sherehe ikiisha, namimina picha zote kwenye kompyuta ya bibi harusi, mamake akiwa amesimama juu ya kichwa changu; kisha kadi inatolewa kwenye kamera na kuchomwa ndani ya chetezo, juu ya makaa ya udi, mbele ya wote, kila mmoja arudi kwake moyo umetulia. Na anayeichoma si mimi. Anatakiwa mtu mzima, mwaminifu, asiye wa nyumba ya bwana wala ya bibi harusi. Katika harusi zangu zote mtu huyo alikuwa mamangu. Ilikuwa ndiyo fahari yake. Alizaliwa kisiwani, mumewe alikuwa mchonga mashua, hana mali wala ukoo wenye nguvu mjini, lakini wake wa wakubwa walimpisha njia akipita na kadi ile mkononi.

Siku hiyo nilimaliza kumimina picha, nikampa kadi. Makaa hayakuwa tayari, mtu alikwenda kuyapepea. Watu wakawa wanakuja kumsalimu mama, wanambusu mkono, na mtu hawezi kupewa mkono akiwa amekunja ngumi. Akaifunga kadi ya harusi kwenye pindo la pili la leso. Pindo la kulia mwanawe, pindo la kushoto amana ya watu. Alijua vizuri kabisa ipi iko wapi. Halafu wasichana wa kufukiza wakapita. Mgeni wa heshima huvuliwa leso mabegani, ikatandwa juu ya moshi wa udi, akarudishiwa. Niliwaona wakimvua. Niliwaona wakimrudishia. Nilikuwa nakunja waya zangu, nikafikiria tu kwamba udi wao ni mzuri.

Makaa yakaja. Mamangu akainuka, akafungua pindo la kushoto, akaipapasa kadi kwa kidole gumba, akatembea mwenyewe bila kushikwa mpaka kwenye chetezo, akaitumbukiza. Kadi zote mbili nyeusi, ukubwa mmoja. Ikanywea, ikatoa moshi wa plastiki, wakaongeza udi, vigelegele vikapaa.

Asubuhi aliniamsha yeye. Alikuwa ameshavaa leso mpya, ameoga, amejipaka wanja kama mtu anayekwenda kutembelea wakwe. Tukaenda kwa jirani, jirani akatuachia sebule. Mama akavuta kiti mpaka akawa karibu kugusa kioo cha tivi. Akafungua fundo lililobaki kwenye leso ya jana aliyokuja nayo mkononi, akanipa kadi kwa mikono miwili. Nikaitia kwenye kamera, nikaunganisha waya, nikawasha.

Kioo kikajaa rangi nyekundu. Magauni. Mabega ya watu, nywele, mikufu, shangazi mmoja mdomo wazi kwenye kigelegele.

Mamangu akaegemea mbele. "Mbona pekundu?" akasema. "Mwanangu, mbona mchanga mwekundu hivi?"

Nikazima. Nilizima upesi sana, nikabaki na mkono kwenye waya. Ndipo nikaiona ile leso ikitandwa juu ya moshi, ikigeuzwa, ikirudi mabegani, pindo la kulia limekuwa la kushoto, na kila kitu kikapangika kichwani bila mimi kutaka.

"Kuna nini?" akauliza.

Mtu aniambie ningesema nini. Nimwambie, mama, jana ulikuwa umemshika mwanao mkononi, ukatembea naye mbele ya watu, ukamtia motoni, na watu wakapiga vigelegele? Nilimwambia kadi imeharibika. Nikamwambia mchanga uliingia kwenye kamera, picha zimeungua, zimekuwa rangi tupu. Hata sauti yangu sikuijua.

Akarudisha mgongo kitini. Kisha akauliza, "Wewe lakini uliuona?"

"Niliuona, mama. Ukuta wote. Na kombe." Nikaanza kumweleza ile nuru, jinsi kilima kilivyoirudisha.

Akaniinulia mkono ninyamaze. "Maneno ninayo," akasema. "Maneno ninayo mwenyewe miaka yote hii. Mtu anataka macho."

Halafu akakasirika, na nilishukuru alipokasirika. Alinisema pale sebuleni mpaka jirani akatoka jikoni. Kamera ya nini mtu asiyejua kuizuia mchanga? Miaka mingi nalishwa na kazi hii, nimejifunza nini? Keki? Nikasema ndiyo mama, ni kosa langu. Mchana, alipokuwa kwenye sala ya adhuhuri, niliitia ile kadi ya harusi kwenye jiko letu la mkaa. Amana ilikuwa ya watu, na ada ni ada. Hapakuwa na udi. Harufu ilikaa jikoni mpaka magharibi.

Nilikwenda kwa dereva wa lori siku hiyo hiyo, nikamwomba kwa Mungu na mtume wake safari moja tu zaidi. Akanionyesha mbingu. Mvua ya gu, ile masika ya Wasomali, ilinyesha usiku ule, ikanyesha na kesho yake, watoto wakatoka barabarani wakacheza kwenye madimbwi, wafugaji walipiga simu kushukuru. Nadhani nilikuwa mtu pekee Kismayo aliyelia mvua iliponyesha. Malori ya maji yakaegeshwa. Baada ya mvua ikaingia kusi, mchanga ukaanza kurudi, na katikati ya kusi, asubuhi moja, mamangu akaniuliza kwa nini sijafungua dirisha, nami nilikuwa nimeshalifungua.

Sasa watu wakija kumjulia hali huwaeleza. Binti yangu, anawaambia, mpeni harusi, ataipiga vizuri; mtoeni nje ya harusi, hajui kitu. Alipelekwa mpaka ukutani, mpaka kaburini, akarudi na rangi nyekundu. Wageni hunitazama kwa aibu. Mimi nawamiminia chai, nasema ni kweli, sijui kitu. Wapo walioacha kuniita kwenye kazi kwa sababu ya maneno yake. Na waache. Bora mpigapicha mbaya awe mimi.

Harusini bado namchukua. Wanawake wanamtaka yeye, wanasema hata asipoona hakuna mwingine wa kuaminiwa kama yeye. Wasichana wawili humshika huku na huku, humfikisha kwenye chetezo, naye huinamia kusikia joto, akatafuta makaa kwa uso, akaitumbukiza kadi. Hamna pindo wala fundo siku hizi, namtilia kiganjani na kumfunga vidole mwenyewe. Juzi tulikuwa kwenye bajaji tunarudi, amechoka, ananukia udi, akaniegemea begani, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Nikadhani amesinzia.

"Macho yamekwenda," akasema. "Lakini mkono wangu huu, alhamdulillahi, haujakosea hata siku moja."

Nikaushika. Nikamwambia, "Kweli, mama. Haujakosea."